CHUPA YA NGUVU, DENI LA MOYO



Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kando ya barabara kuu itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, soko la Kabezi halijachangamka bado, lakini vioski vimekwisha kufunguliwa. Wavuvi waliokesha ziwani na taa zao wakitafuta ndagala wanavuta mitumbwi nchi kavu. Vijana wa kupakia mizigo wamekaa juu ya madumu ya mawese wakingoja lori. Waliofanya zamu ya usiku wanashuka garini na macho mekundu, na wa zamu ya asubuhi wanapanda mahali pao. Wanaokwenda na wanaorudi, wengi wao wananunua kitu kimoja: chupa ya plastiki au kopo lenye picha ya radi au ya mnyama mkali.

“Mama, nipe moja ya kuniamsha,” anasema kijana mmoja.

“Ya ngapi hii, mwanangu?”

“Ya tatu tangu jana jioni.”

“Na chakula umekula?”

“Nitakula nikifika, mama.”

Mazungumzo haya ni mafupi, lakini habari yote ya makala yetu imo ndani yake. Kijana hana usingizi wa kutosha, hana chakula tumboni, na siku nzima ya kazi inamngoja. Badala ya usingizi na chakula ananunua chupa. Vinywaji hivi huitwa vinywaji vya kuongeza nguvu. Wengi wetu husema tu “enaji”. Je, kweli vinaongeza nguvu? Na mtu akivinywa kila siku, mwezi hata mwezi, mwaka hata mwaka, moyo wake na damu yake hupatwa na nini? Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo.

KILICHOMO NDANI YA CHUPA

Tusianze kwa kutishana, tuanze kwa kusoma lebo. Kopo la kawaida la mililita 250 huwa na kiasi cha miligramu 80 za kafeini na gramu 27 hivi za sukari. Chupa ya mililita 500 huwa na mara mbili ya hapo: miligramu 160 za kafeini, na gramu 55 hivi za sukari. Viwango hutofautiana toka kiwanda hata kiwanda, kwa hiyo kila mmoja asome chupa yake mwenyewe. Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Tafuta neno linaloanza kwa herufi CAF, kisha tazama tarakimu iliyo karibu nalo. Mara nyingi tarakimu hiyo ni ya kila mililita 100, si ya chupa nzima. Ukiona 32, na chupa yako ni ya 500, zidisha mara 5, utapata 160.

Kafeini si kitu kigeni kwetu. Ni ileile iliyomo katika kahawa ilimwayo milimani kwetu Burundi, na katika chai ya Teza na Rwegura. Watu wameinywa karne nyingi. Tofauti iko katika namna ya kunywa. Kikombe cha kahawa ya moto hunywewa polepole, tena kwa mazungumzo, na mtu akizidisha ulimi wenyewe hukataa uchungu. Chupa baridi na tamu humalizwa kwa dakika mbili, na utamu wake huita chupa nyingine.

Utaona pia lebo inataja taurini na vitamini za kundi B. Majina haya hufanya chupa ionekane kama dawa. Lakini taurini mwili hujitengenezea wenyewe, tena imo katika samaki na nyama. Aliyekula mukeke au ndagala amekwisha kuipata. Vitamini B ni muhimu kwa afya, ila si kuni za kuwasha mwilini. Zikizidi, nyingi hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo kazi yote inayosikika baada ya kunywa inafanywa hasa na vitu viwili: kafeini na sukari.

KINYWAJI KILICHOMTAFUTA MFANYAKAZI

Inafaa tujue historia. Mwaka 1962 kampuni ya dawa ya Taisho huko Japani ilianza kuuza kichupa kidogo kiitwacho Lipovitan D, chenye taurini, kama dawa ya kuondoa uchovu. Baadaye, katika miaka ya 1970, Chaleo Yoovidhya wa Thailand alitengeneza kinywaji cha namna hiyo, Krating Daeng, na wateja wake wa kwanza walikuwa madereva wa malori, vibarua na watu wa viwandani. Kutoka hapo ndipo kilipozaliwa Red Bull, kilichoanza kuuzwa Austria mwaka 1987 na kuenea duniani kote. Leo nchi za kanda yetu kama Tanzania na Uganda zina viwanda vyao vya vinywaji hivi.

Basi tazameni: tangu mwanzo, kitu hiki kilimtafuta mtu aliyechoka kwa kazi. Siku hizi matangazo yanaonyesha wanamichezo na vijana wakicheza muziki, lakini mizizi yake ni zamu ya usiku na safari ndefu ya lori.

NGUVU YA MKOPO

Kafeini hufanyaje kazi? Tangu mtu anapoamka, ubongo wake unakusanya kemikali moja iitwayo adenosini. Kila saa ya kazi inaiongeza. Ikiwa nyingi, hukaa katika viti vyake ubongoni na kutoa taarifa: mwenye mwili, umechoka, pumzika. Kafeini inafanana nayo kwa umbo. Inapofika, huvikalia viti vile, na taarifa haipiti. Uchovu upo palepale, ila kengele yake imezibwa mdomo.

Ndiyo maana tunasema nguvu hii ni ya mkopo. Misuli haikuongezewa chochote isipokuwa sukari ya muda mfupi. Usingizi haukulipwa. Kafeini ikiisha, adenosini yote iliyokuwa inangoja mlangoni huingia kwa pamoja, na mtu hulegea kuliko mwanzo. Hapo ndipo anapotafuta chupa ya pili.

Tena kafeini haitoki upesi. Kwa mtu mzima wa kawaida, baada ya saa 5 hivi nusu yake bado imo mwilini. Chukua mfano wa mtu wa zamu ya usiku aliyekunywa chupa ya mililita 500 saa kumi na moja alfajiri ili asisinzie saa za mwisho. Anafika nyumbani, anaoga, anajilaza saa nne asubuhi. Miligramu 80 bado zinazunguka katika damu yake, sawa na kopo zima dogo. Atageuka kitandani, atalala usingizi mwepesi wa saa mbili tatu, na jioni atarudi kazini akiwa amechoka kuliko jana. Chupa iliyomsaidia jana imemwibia usingizi wa leo, na leo atahitaji chupa mbili.

MOYO UNASEMAJE?

Moyo wa mtu mzima hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Hauna likizo, hauna Jumapili. Kafeini nyingi hufanya mwili utoe homoni za kukurupuka, zile ambazo mtu huzipata akikutana na nyoka shambani: moyo hudunda kwa nguvu na presha hupanda. Kukutana na nyoka mara moja si neno. Je, kukutana naye mara tatu kila siku?

Mwaka 2019 watafiti wa Kalifornia, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watu 34 wenye afya njema, wa umri wa miaka 18 hadi 40. Siku moja kila mtu alikunywa karibu lita moja ya kinywaji cha kuongeza nguvu katika muda wa saa moja. Siku nyingine alikunywa maji ya gesi yaliyotiwa ladha, bila kuambiwa ni kipi. Siku za kinywaji cha nguvu, presha ya damu ilipanda kwa alama 4 hadi 5 zaidi. Na mashine ya kupima umeme wa moyo ilionyesha kwamba muda ambao moyo hutumia kujitayarisha kwa pigo linalofuata ulirefuka, na saa 4 baada ya kunywa ulikuwa bado mrefu.

Tuelewane vizuri. Kwa kijana mzima asiye na ugonjwa wowote, mabadiliko hayo ni madogo. Lakini muda huo ukirefuka mno, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, na mtu akaanguka ghafla. Hatari ni kubwa kwa aliye na ugonjwa wa moyo uliojificha, na kwa anayetumia dawa zinazourefusha muda huohuo. Miongoni mwa dawa hizo zimo baadhi ya dawa za malaria, mathalan kwinini. Sisi wa kando ya ziwa tunaijua malaria kama tunavyoujua mvua. Kwa hiyo shikeni neno hili: ukiwa katika dozi ya malaria, usiguse chupa ya enaji mpaka umalize dozi na upone.

Kuna na kisa kilichoandikwa na madaktari wa Uingereza mwaka 2021. Kijana wa miaka 21 alifika hospitali akiwa hawezi kupumua vizuri na amekonda. Moyo wake ulikuwa umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Alikuwa amekunywa makopo 4 ya mililita 500 kila siku kwa muda wa miaka 2 hivi. Madaktari waliona kwamba vinywaji hivyo ndivyo vilivyoelekea zaidi kuwa chanzo cha maradhi ya moyo wake. Alilazwa siku 58. Aliacha kabisa kunywa, akatibiwa, na moyo wake ukapata nafuu kubwa. Kisa cha mtu mmoja hakithibitishi kwamba kila anywaye atapatwa vivyo hivyo. Lakini kinatuonyesha mambo mawili: ujana si ngao, na kuacha mapema kunasaidia.

Presha nayo ni mwizi asiyegonga mlango. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kwamba wanayo. Mfanyakazi asiyejua hali yake, akiongeza chupa mbili au tatu kila siku, anapakia mzigo juu ya gari ambalo breki zake hakuzikagua.

SUKARI INAKWENDA WAPI?

Tugeukie sukari. Kijiko kidogo cha chai hubeba gramu 4 hivi. Kopo dogo lenye gramu 27 ni karibu vijiko 7. Chupa ya mililita 500 ni karibu vijiko 14. Ni nani miongoni mwetu angetia vijiko 14 vya sukari katika kikombe cha chai? Mkewe angemnyang'anya bakuli. Lakini katika chupa baridi, yenye gesi na uchachu, ulimi haustuki.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo mtu huipata kwa chakula cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, na shirika likaongeza kwamba gramu 25 ni bora zaidi. Chupa moja ya mililita 500 imevuka gramu 50 kabla mtu hajanywa chai ya asubuhi.

Sukari ya kinywaji huingia katika damu upesi. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hulazimika kutoa insulini kwa wingi ili kuiondoa sukari katika damu na kuipeleka kwenye misuli na ini. Misuli ikifanya kazi nzito huichoma. Lakini aliyekaa kwenye mashine, mlinzi aliyesimama langoni, dereva aliye nyuma ya usukani hawaichomi yote. Ini huigeuza iliyobaki kuwa mafuta. Mafuta hukusanyika tumboni na ndani ya ini lenyewe. Baada ya miaka, mwili huwa kama mlango uliogongwa mno: insulini inapiga hodi, seli hazifungui. Hapo ndipo kisukari kinapoanza. Na kafeini yenyewe, ikinywewa pamoja na sukari nyingi, hupunguza kwa muda uwezo wa insulini kufanya kazi yake.

Mwaka 2010 wataalamu walikusanya tafiti kadhaa juu ya vinywaji vyote vyenye sukari, zilizohusu watu zaidi ya 310,000. Waliokuwa wakinywa kipimo kimoja au viwili kwa siku walipatwa na kisukari cha ukubwani kwa asilimia 26 zaidi ya wale ambao hawakunywa au walikunywa mara chache sana. Enaji ni ndugu wa vinywaji hivyo, ila yeye amekuja na kafeini begani.

Wengine watasema: mimi ni mwembamba, kisukari ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi. Hilo si kweli. Kisukari kinampata pia mkata mikungu ya michikichi, na kwake ni adhabu mara mbili, kwa kuwa kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari hakiponi upesi, na mguu ndio jembe lake la pili.

JUA LA SHAMBANI

Wale wa mashambani wana hatari ya ziada. Chini ya jua la uwanda wa ziwa, mtu anayekata mikungu na kuibeba hupoteza maji mengi kwa jasho. Mwili unadai maji. Akinywa enaji mahali pa maji, anapata kioevu, lakini pamoja nacho sukari nyingi na kafeini ya kuupeleka moyo mbio wakati joto limekwisha kuupeleka mbio.

Huko Nicaragua na El Salvador, wakata miwa wengi, tena vijana, wamepatwa na ugonjwa wa mafigo unaohusishwa na kazi nzito juani. Wanaowatetea wameleta kanuni ya maneno matatu: maji, mapumziko, kivuli. Maneno hayo matatu hayahitaji kutafsiriwa kwa mtu wa Rumonge. Yanafaa kuandikwa kwenye kila banda la michikichi.

VILIVYOFICHWA

Kuna na hatari ya kitu ambacho lebo haikisemi. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019, kinywaji kimoja cha nguvu kilichotengenezwa Ndola, Zambia, nchi tunayochangia nayo ziwa hili, kiligunduliwa kuwa na sildenafili, dawa ya nguvu za kiume ambayo mtu huandikiwa na daktari. Nchini Uganda mnywaji mmoja alikuwa amelalamika kwa mamlaka ya dawa juu ya jasho lisilokoma na hali isiyo ya kawaida mwilini. Vipimo vikathibitisha, na kinywaji kikazuiwa. Dawa hiyo ikikutana na baadhi ya dawa za moyo, presha inaweza kushuka ghafla na kuua. Kwa hiyo chupa isiyo na jina la kiwanda, isiyo na orodha ya vilivyomo, au inayojigamba kwa mambo ya chumbani, iacheni dukani.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, nikichagua ile isiyo na sukari nimesalimika?
Umepunguza mzigo wa sukari, ndugu, na hilo ni jema. Lakini kafeini ni ileile, na usingizi unaibiwa vilevile.

Kiasi gani cha kafeini hakina madhara?
Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mtu mzima mwenye afya anaweza kuvumilia hadi miligramu 400 kwa siku, na isizidi 200 kwa mara moja. Kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, isizidi 200 kwa siku nzima. Hesabu kila kitu: kahawa, chai, soda ya kola na enaji. Chupa tatu za mililita 500 ni 480. Umekwisha kuvuka mpaka. Nawe ukiwa na presha, ugonjwa wa moyo au kisukari, mpaka wako uko chini zaidi, na afadhali kuacha kabisa.

Wengine huichanganya na pombe. Kuna ubaya?
Ubaya mkubwa. Pombe hulegeza, kafeini huamsha; mtu hulewa asijijue kama amelewa. Hunywa zaidi, hupanda pikipiki akidhani ni mzima. Kilichopungua ni dalili ya ulevi. Ulevi wenyewe uko palepale.

Nikiacha ghafla kichwa kinauma sana. Je, ni ugonjwa?
Ni mwili uliozoea kafeini. Maumivu hayo, uchovu na hasira huanza siku ya kwanza na kwisha baada ya siku 2 hadi 9. Punguza polepole: kama ulikuwa unakunywa tatu, kunywa mbili wiki hii, moja wiki ijayo.

Watoto wetu wanafuata chupa zetu. Tuwaambieje?
Waambieni hapana. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 2014, na Poland ikafanya hivyo tangu Januari 2024. Nyumbani kwako hungojei sheria.

UCHOVU SI KOSA LA MTU MMOJA

Sasa tunafika penye mzizi. Ni rahisi kumnyooshea kidole kijana wa kiosk ya Kabezi na kusema hana akili. Lakini tujiulize: kwa nini amechoka hivyo? Kwa nini hakula? Mahali pengine zamu ni ya saa 12, na safari ya kwenda na kurudi inakula saa mbili tatu nyingine. Mahali pengine hakuna maji safi ya kunywa karibu na mashine, ila chupa za enaji zinauzwa langoni. Na tumesikia habari za kapita anayegawa chupa kwa wafanyakazi wakati kazi imezidi, kana kwamba ni zawadi. Zawadi gani hiyo, ndugu zangu? Chupa ni rahisi kuliko mtu wa kumpokea mwenzake zamu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza kwa pamoja kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Katika mwaka mmoja tu wa 2016 walihesabu vifo 745,000 duniani vilivyotokana na saa nyingi za kazi. Basi mfanyakazi anayechoshwa na saa nyingi, kisha akauficha uchovu huo kwa kafeini, anaupiga moyo wake fimbo kwa mikono miwili.

Tunazo silaha za kisheria. Burundi ni mwanachama wa Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 1963. Juni 2022 shirika hilo liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Na mkataba wake wa mwaka 1990 juu ya kazi za usiku unasema mfanyakazi wa usiku akiomba kupimwa afya, apimwe bila malipo. Hata nchi ambayo haijautia sahihi mkataba huo inaweza kuuchukua kama kipimo mezani pa mazungumzo.

LA KUFANYA

Kwa kila mmoja wetu:

Kwanza, pima presha. Katika kituo cha afya ni kazi ya dakika tano. Ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, tena zaidi ya siku moja, rudi umwone mganga.

Pili, kula kabla ya zamu. Ugali na maharage na ndagala kidogo hutoa nguvu polepole kwa saa nyingi. Chupa hutoa kwa saa moja tu.

Tatu, beba maji yako safi. Ukihitaji kuamka, kikombe cha kahawa au chai, sukari kidogo, mwanzoni mwa zamu. Usinywe kafeini saa 6 za mwisho kabla ya kulala.

Nne, lala. Funga dirisha kwa kitambaa kizito, waambie watoto na majirani. Wakati wa mapumziko ya usiku, usingizi wa dakika 20 huamsha vizuri.

Tano, zijue dalili. Kifua kubana, maumivu yanayokwenda begani au tayani, moyo kurukaruka, pumzi kukatika, kuzimia: hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho. Kiu isiyokwisha, kukojoa mno, kukonda, macho kuona ukungu, kidonda kisichopona: omba kupimwa sukari ya damu.

Na kwa wajumbe wetu, haya ndiyo ya kupeleka mezani: maji safi ya bure karibu na kila mahali pa kazi, mapumziko halisi ndani ya zamu, na kivuli kwa watu wa mashambani, chakula katika zamu ya usiku, ratiba isiyomrudisha mtu kazini kabla hajalala, upimaji wa presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka, na kukomeshwa kwa desturi ya kugawa enaji badala ya kupumzisha watu. Mjumbe asimwache mwenzake aseme peke yake kwamba amechoka. Aliye peke yake huitwa mvivu. Wakisema mia, huitwa hoja.

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Deni la usingizi hulipwa kwa usingizi, la njaa kwa chakula, la kiu kwa maji. Hakuna duka linalouza kingine cha kulilipa. Kesho alfajiri, mama wa kiosk ya Kabezi atakapokuuliza, “Umekula, mwanangu?”, usipite haraka. Swali lake lina afya ndani yake kuliko chupa zote zilizo nyuma yake.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako wa zamu asome.